Jina, Umri, Kazi

Kila anayezungumza katika kitabu cha Ronald Blythe kiitwacho Akenfield hutangulizwa kwa mambo matatu: jina, umri na kazi. Huyu ana miaka 71, mfanyakazi wa shambani. Yule ana miaka 39, mtunza bustani. Anafuata mhunzi, anafuata muuguzi, mwalimu, mpiga kengele za kanisa, na mwisho kabisa mchimba makaburi. Baada ya mstari huo mmoja, mtu mwenyewe anaanza kusema, na anaweza kusema kwa kurasa mbili au kumi na mbili bila kukatizwa. Wasomaji wengi huupita mstari ule haraka ili wafike kwenye hadithi. Mimi nimeanza kuamini kwamba ndio mstari muhimu kuliko yote kitabuni, kwa sababu ni mstari wa sensa. Blythe ameuchukua kama ulivyo kwenye dodoso la karani, akauweka juu ya ukurasa, kisha akafanya jambo ambalo karani haruhusiwi kulifanya: akaketi kusikiliza.

Kitabu kilitoka mwaka 1969. Kinahusu kijiji cha Suffolk, kaunti ya mashariki mwa Uingereza yenye udongo mzito wa mfinyanzi, mashamba ya ngano na shayiri, na bustani za matufaha. Ukitafuta Akenfield kwenye ramani hutaipata. Blythe aliitunga kutokana na vijiji halisi, hasa Charsfield na jirani yake Debach, alikokuwa akiishi mwenyewe. Katika miaka ya 1966 na 1967 alizunguka kwa baiskeli akizungumza na majirani zake, wakulima na vibarua, wazee na vijana, wenye mali na wasio na kitu. Kilichotokana na mazungumzo hayo ni masimulizi ya kweli ambayo Waingereza wameyapenda kwa zaidi ya miaka 50, na wameyapenda, kwa maoni yangu, kwa sababu zisizo sahihi. Sifa zake hutajwa kama sifa za picha ya zamani: farasi wa kulima, kengele za Jumapili, utulivu uliopotea. Nani alikisoma kitabu hiki akakuta utulivu?

Kabla ya kuingia ndani, tuzungumze kidogo juu ya kuhesabiwa, maana Suffolk imehesabiwa kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1086, miaka 20 baada ya Wanormandi kuiteka nchi, mfalme wao aliagiza mali yote iandikwe. Taarifa za Suffolk, Norfolk na Essex zikabaki katika juzuu la peke yake, na ni za kina kuliko zile za kaunti nyingine: humo wamehesabiwa hata nguruwe, kondoo na mbuzi. Watu wamo pia, ila kwa idadi na kwa hadhi zao. Wengi wao hawana majina. Sensa ya kisasa ilianza mwaka 1801, ikawa inarudi kila baada ya miaka 10. Tangu mwaka 1841 majina ya watu wote nyumbani yakaanza kuandikwa. Hivyo mwanahistoria wa leo anaweza kuingia katika nyumba ya kibarua wa Suffolk ya mwaka 1881, akajua baba aliitwa nani, watoto walikuwa wangapi, na nani alizaliwa kijiji gani.

Halafu kuna shimo. Madodoso ya sensa ya mwaka 1931 ya England na Wales yaliteketea kwa moto mwezi Desemba 1942, yakiwa ghalani. Sensa ya mwaka 1941 haikufanyika, kwa sababu ya vita. Majedwali ya jumla ya 1931 yalikwisha kuchapishwa, kwa hiyo idadi tunazo. Watu ndio walioungua. Kuna daftari la wakazi la Septemba 1939, lililoandikwa kwa ajili ya vitambulisho vya vita, na linasaidia kiasi, lakini ni mistari mitupu. Kati ya mwaka 1921 na 1951, kwa vijiji vya Uingereza, hakuna dodoso la sensa litakalofunguliwa kamwe.

Na miaka hiyo haikuwa miaka mitupu. Wakati wa vita vya kwanza serikali iliwaahidi wenye mashamba bei ya uhakika ya nafaka, na vibarua wakawekewa bodi ya kupanga mishahara. Mwaka 1921 ahadi ikafutwa na bodi ikavunjwa. Bei zikaanguka, mishahara ikafuata. Mwaka 1923 vibarua wa Norfolk, kaunti jirani, waligoma. Bodi za mishahara zilirudishwa mwaka 1924, lakini kilimo kilibaki kitandani hadi vita vya pili. Mashamba ya Suffolk yalikuwa rahisi kiasi kwamba wakulima kutoka Scotland walihamia na kuyachukua. Vijana ambao mwaka 1931 walikuwa na miaka 30 au 35, waliokuwa wakikata mitaro na kufuata plau katika mashamba yale yaliyofilisika, ndio wazee ambao Blythe aliwakuta wakiwa hai mwaka 1967. Sehemu ya kwanza ya kitabu ameiita kwa jina la watu walionusurika. Sijui kama alikuwa akiufikiria moto wa 1942, wala si lazima awe aliufikiria. Lakini aliwafikia wakati ambapo midomo yao ndiyo iliyokuwa dodoso pekee lililosalia.

Mzee wa kwanza kuzungumza, yule wa miaka 71, anaanzia nyumbani. Baba yake alikuwa kibarua wa shambani akilipwa shilingi 13 kwa wiki, na katika familia walikuwa watu 10. Anaieleza nyumba isiyokuwa na vitu, iliyojaa watu tu. Mama na watoto walikwenda mashambani kuokota mawe ya kutengenezea barabara, kwa malipo ya kila shehena. Maji yalikuwa shida. Chakula kilikuwa mkate zaidi ya kitu kingine. Haya yote angeweza kuyaandika hata mkaguzi wa afya. Jambo ambalo hakuna mkaguzi angeliandika linakuja anapofika mwaka 1914, alipoacha shamba akaenda jeshini. Anasema katika miezi minne ya mafunzo aliongezeka uzito karibu kilo 6, na kimo kidogo pia. Wakubwa wake walidhani ni chakula. Yeye anasema hapana: ilikuwa ni mara ya kwanza katika maisha yake kupumzika kutoka kwa kazi ngumu.

Soma tena hapo. Mafunzo ya askari, yenye kwata na mizigo na kuamshwa alfajiri, ndiyo yaliyokuwa mapumziko. Mwili wa kijana ulikuwa umezuiwa kukua na kazi ya shamba, na ukapata nafasi kwenye kambi ya jeshi, kabla ya kupelekwa Gallipoli kupigwa risasi. Ukitaka kujua hali ya maisha ya kibarua wa Suffolk mwanzoni mwa karne ya 20, kilo hizo 6 zinakueleza kuliko mshahara wake. Mshahara unaweza kubishaniwa: mwenye shamba atasema kulikuwa na nyumba ya bure, kuni, viazi, kibarua cha mavuno. Uzito wa mwili haubishaniwi.

Hapa nina jambo ambalo ni usomaji wangu mwenyewe, msomaji ana uhuru wa kulikataa. Blythe hakuwa mgeni aliyetoka mjini na kalamu. Alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Acton, Suffolk hiyohiyo, mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba yake alikuwa kibarua wa shambani, na baba yake alikuwa Gallipoli. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 14, akajisomea, akafanya kazi maktaba ya Colchester, hadi akawa mwandishi. Ninapomsoma mzee yule wa Gallipoli akifungua kitabu, nasikia mtoto akimwuliza jirani mambo ambayo kwa kawaida watoto hawawaulizi baba zao. Uvumilivu wa maswali yasiyosikika, jinsi mzee anavyoachwa apite polepole kwenye maiti za ufukweni na kurudi kwenye mashamba, si uvumilivu wa mwandishi wa habari. Mtafiti angekuwa na orodha ya maswali na saa ya kuondoka.

Sehemu inayonitia ubaridi kuliko vita ni ya mtunza bustani. Huyu si mzee. Ana miaka 39, ni kijana wa enzi za redio, aliyeingia kazini kwenye jumba kubwa la kijiji akiwa mvulana. Anaeleza kwamba watunza bustani hawakutakiwa kuonekana kutoka madirishani. Kama wakubwa wameketi kwenye uwanja wa nyasi, na wewe una toroli limejaa magugu, ulilisukuma kwa mzunguko mrefu, hata maili nzima, ili usipite mbele ya macho yao. Bustani ilitakiwa ionekane kama imejipalilia yenyewe. Na anaposimulia haya, mtu huyu hana hasira iliyo wazi. Anajivunia kazi yake, anajua maua kama daktari anavyojua mishipa, na anakumbuka ukali wa mabwana zake kwa kitu kinachokaribia heshima. Ukurasa ule unaudhi kwa sababu mwandishi hakutuongoza tuudhike. Ametuachia toroli na maili moja.

Mwanasosholojia Howard Newby aliifanyia Suffolk utafiti miaka michache baadaye, akatoa mwaka 1977 kitabu juu ya unyenyekevu wa wafanyakazi wa mashambani. Hoja yake kubwa, kwa kuifupisha, ni kwamba utii wa nje usichukuliwe kuwa ni kukubali kwa ndani. Mtu anayeishi katika nyumba ya mwajiri wake, asiye na mwajiri mwingine wa karibu, ana sababu nzuri ya kuvua kofia. Nyumba hizo za mwajiri ndizo zilizokuwa kitanzi. Ukifukuzwa kazi Ijumaa, umefukuzwa kazi na paa pamoja, mke na watoto na vyombo vikiwa barabarani. Sheria ya kuwapa wafanyakazi wa mashambani ulinzi katika nyumba hizo ilipitishwa mwaka 1976 tu, yaani miaka 7 baada ya Akenfield kuchapishwa. Wengi waliozungumza na Blythe walizungumza chini ya paa la mtu mwingine.

Ukijua hilo, unaanza kuelewa kwa nini majina yalibadilishwa, na kwa nini kijiji kilipewa jina la kubuni. Vilevile unaanza kujiuliza swali gumu zaidi: ni mangapi hayakusemwa? Mzee aliyestaafu anaweza kumsema mwajiri aliyekwisha kufa. Kijana anayelipwa Ijumaa ijayo anapima maneno. Kitabu kina sehemu ya vijana, na kwangu ndiyo sehemu dhaifu. Wanazungumza kama watu wanaongoja basi. Huenda walikuwa wakiongoja basi kweli.

Basi tuje kwenye lawama. Wanahistoria simulizi waliokuwa wakijenga taaluma yao miaka ileile hawakumpokea Blythe vizuri, na hoja zao zina uzito. Huwezi kuthibitisha. Mtu hajulikani ni nani, mahali pamefunikwa, na maneno ya mzee yameshonwa na maneno ya mwandishi kwa uzi usioonekana. Msomaji makini ataona mwenyewe kwamba mhunzi na kibarua na muuguzi wote wana namna moja ya kumaliza aya: sentensi fupi, nzito, inayotua kama jiwe. Watu hawazungumzi hivyo. Mwandishi ndiye anayezungumza hivyo. Pale ambapo sauti zote za kijiji zinakuwa na pumzi moja, ujue kuna mtu mmoja anayepumua nyuma yake.

Umbali mfupi kutoka Charsfield kuna njia nyingine iliyojaribiwa. Mwaka 1948 Mwelisi mmoja, George Ewart Evans, mtoto wa muuza duka kutoka bonde la makaa ya mawe, alihamia kijiji cha Blaxhall kwa sababu mkewe alipata kazi ya ualimu pale. Masikio yake yalikuwa yameanza kufa. Mtu anayepoteza usikivu akaanza kusikiliza wazee, akianza na majirani wa mlango wa pili, mchungaji wa kondoo na mkewe, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu ya Blaxhall kwa jina lake halisi. Humo utajua jinsi mkate ulivyoumuliwa na kuokwa, jinsi wanawake walivyookota masuke baada ya mavuno na nani alipiga kengele ya kuwaruhusu kuanza, jinsi kondoo walivyokatwa manyoya. Kila kitu kina mahali pake na mtu wake. Evans ni mwaminifu, ni mwangalifu, na ni vigumu kumlaumu. Lakini nikivifunga vitabu vyote viwili, kutoka kwa Evans nakumbuka vifaa, kutoka kwa Blythe nakumbuka watu. Evans aliwauliza wazee wanajua nini. Blythe, kwa namna fulani ambayo hakutuonyesha, aliwauliza wamepatwa na nini.

Je, hilo linamwondolea lawama? Halimwondolei. Linaeleza tu bei aliyolipa. Angetaja majina, mtunza bustani asingesema habari za toroli. Angenukuu neno kwa neno, tungepata lahaja halisi ya Suffolk, yenye kusitasita na kurudiarudia, na pengine wasomaji 200. Alichagua kutengeneza, na alipotengeneza alitia chumvi yake. Ninachomdai ni kidogo: angetuambia mapema na waziwazi mahali mkono wake ulipoishia. Waandishi wa masimulizi ya kweli wa siku hizi wanajua deni hili. Wengi bado hawalilipi.

Lawama yangu kubwa iko kwingine, nayo inaturudisha kwenye ule mstari wa sensa. Nimesema Blythe alichukua muundo wa karani: jina, umri, kazi. Alichukua pia kasoro yake. Katika madodoso ya karne ya 19, safu ya kazi mbele ya jina la mke wa kibarua mara nyingi iliachwa tupu. Mwanamke yuleyule angeweza kuwa ameokota mawe mwezi Machi, amepalilia Mei, ameokota masuke Septemba, amefua nguo za watu mwaka mzima, na kuzaa mara nane. Karani akafika jioni, akamwuliza mume, akaandika kazi ya mume, akaacha nafasi. Katika Akenfield wanawake wapo, lakini ni wachache mno kuliko wanaume, na wale wenye sauti kubwa ni wale wenye cheo kinachoandikika: mwalimu, muuguzi, hakimu. Mama yake mzee wa Gallipoli, yule wa mawe, tunamjua kupitia mwanawe. Hakuna mke wa kibarua aliyepewa kurasa za kutosha kutueleza shilingi 13 ziligawanywa vipi kwa midomo 10. Yeye ndiye aliyekuwa mhasibu wa umaskini ule. Mume alizileta shilingi. Hesabu ilikuwa kichwani mwa mke. Kitabu juu ya hali ya maisha ya kijiji kinachomkosa mhasibu wake kina ukurasa uliokatwa katikati.

Lakini muuguzi, kwa bahati, yumo, na yeye peke yake anatosha kuwafunga midomo wanaokisoma kitabu hiki kama wimbo wa kumbukumbu tamu. Alizunguka vijiji kwa miaka mingi akiingia vyumbani ambako kasisi hakuingia. Anaikataa kabisa ile hadithi tunayoipenda, ya kwamba zamani vijijini wazee walitunzwa na jamaa zao kwa upendo. Anasema hawakutunzwa. Aliwakuta wamesukumwa pembeni mwa nyumba, mbali na macho, wakingoja kufa. Hasemi watu walikuwa na roho mbaya. Unaposoma kurasa zake baada ya za mzee wa kwanza, unaona mwenyewe kwamba nyumba ya vyumba viwili yenye watu 10 haina mahali pa kuweka mtu asiyeweza kufanya kazi. Na nje ya nyumba kulikuwa na kambi ya maskini, urithi wa sheria ya mwaka 1834, ambako mume na mke walitenganishwa mlangoni. Pensheni ya kwanza ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki, na ulipaswa kufika miaka 70 kwanza. Vibarua wengi hawakungoja.

Nimesema hapo juu kwamba kitabu kilipendwa kwa sababu zisizo sahihi, na filamu ina mkono wake. Peter Hall, mwongozaji mkubwa wa jukwaa aliyezaliwa Suffolk, alitengeneza filamu kutokana nacho mwaka 1974, akiwatumia wanakijiji wenyewe badala ya waigizaji. Wazo lilikuwa zuri, na nyuso zile huwezi kuzipata kwa waigizaji wa kulipwa. Lakini kamera hupenda mwanga wa jioni juu ya ngano, na mwanga wa jioni humsamehe kila mtu. Maelfu ya watu ambao hawajasoma kitabu wanajua mwanga ule.

Kuna kundi lingine ambalo kitabu hakingeweza kulifikia hata Blythe angekuwa na baiskeli 10: walioondoka. Idadi ya watu wa kijiji cha Suffolk katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 ni hadithi ya kuondoka. Katika miaka ya 1830 parokia zililipa nauli za maskini wao waende Kanada, ikiwa ni nafuu kuliko kuwalisha. Baadaye nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani ikashusha thamani ya kila kitu, na vijana wakafuata reli kwenda London, migodini, kwenye polisi, ng'ambo. Wengine walikwenda na kurudi: Evans aliwakuta wazee waliokuwa, baada ya mavuno, wakipanda treni hadi Burton kukaa majira ya baridi yote katika viwanda vya kutengeneza kimea cha bia, wakirudi masika na suti mpya. Kijiji anachotuonyesha Blythe ni mabaki baada ya chujio hilo: waliopenda kubaki, walioshindwa kwenda, na waliokwenda wakarudi kwa sababu ya mama au ya shamba au ya msichana. Hilo linabadili namna ya kuwasoma. Tunapomsikia mzee akisema kwamba hakuna aliyelalamika, tukumbuke kwamba waliolalamika walikuwa Ontario.

Mwaka 2006 Craig Taylor, Mkanada (tazama jinsi mambo yanavyozunguka), alichapisha kitabu cha kurudi Akenfield. Alikwenda na muundo uleule na kuzungumza na waliokuwepo wakati huo. Alikuta wastaafu kutoka mjini, watu wanaolala kijijini na kufanya kazi kwingine, mashamba makubwa yanayoendeshwa na watu wawili na mashine, na kwenye bustani za matunda, vijana kutoka Ulaya Mashariki. Kitabu chake ni chepesi kuliko cha Blythe, hana kina kile cha lugha, lakini kina uaminifu fulani ninaoupenda: sauti hazifanani.

Sensa ya mwisho ilithibitisha alichokisikia. Wilaya ya East Suffolk, ambamo vijiji hivi vimo sasa, ilikuwa na karibu watu 246,000 mwaka 2021, na zaidi ya robo yao wana miaka 65 na kuendelea, wakati kwa England nzima ni chini ya mmoja kwa watano. Nyumba ambazo watu 10 waliishi sasa huishi wawili, au huishi mtu wikiendi tu. Chumba cha juu walikolala watoto sita ni ofisi. Maji yamo bombani, choo kimo ndani, na mtoto wa kibarua hawezi kununua nyumba katika kijiji alichozaliwa babu yake. Mtu akitaka kuandika Akenfield leo, nani atamtangulizia kwa jina, umri na kazi? Mstaafu wa benki, bila shaka, atazungumza vizuri. Dereva wa mashine ya kuvuna, ambaye siku nzima hazungumzi na mtu. Mfanyakazi wa kituo cha wazee, na huyo ningemtafuta kwanza, maana ndiye muuguzi wa Blythe aliyerudi, na ujira wake si wa kujivunia.

Na wachumaji wa matunda? Sensa ile ilifanyika tarehe 21 Machi 2021, wakati miti ya matufaha Suffolk haijachanua. Matufaha yanavunwa Septemba. Wanaokuja kuyavuna hulala kwenye misafara ya magari iliyopangwa nyuma ya bustani, mbali na barabara, mahali ambapo kutoka madirishani mwa nyumba kubwa hawaonekani.